Rabindranath Tagore

Rabindranath Tagore (7 Mei 1861 – 7 Agosti 1941) alikuwa mshairi, mtunzi wa nyimbo, mwandishi wa tamthilia na hadithi, mchoraji na mwalimu kutoka Bengal, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Uhindi na Bangladesh. Mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, akiwa mtu wa kwanza kutoka nje ya Ulaya kuipata.

Duniani anajulikana zaidi kwa mashairi yake. Hata hivyo, kwa miaka 40 ya mwisho ya maisha yake alikuwa pia na shule huko Santiniketan, ambako nyimbo, michezo ya kuigiza, uchoraji na ngoma vilikuwa sehemu ya masomo ya kila siku. Shule hiyo ilimgharimu mali nyingi. Makala hii inaeleza maisha yake kwa kuzingatia hasa kazi hiyo ya ualimu.

Familia na utoto

Rabindranath alizaliwa katika jumba la ukoo wake mtaani Jorasanko, mjini Kolkata, uliokuwa makao makuu ya utawala wa Uingereza katika Uhindi. Babu yake, Dwarkanath Tagore, alikuwa mfanyabiashara tajiri. Baba yake, Debendranath Tagore, alikuwa kiongozi wa Brahmo Samaj, jumuiya ya Wahindu waliotaka kurekebisha dini yao na kumwabudu Mungu mmoja bila sanamu. Mama yake aliitwa Sarada Devi. Rabindranath alikuwa mdogo kuliko wote kati ya watoto wao waliokua.

Nyumba yao ilijaa sanaa. Kaka yake Dwijendranath alikuwa mwanafalsafa na mshairi. Jyotirindranath alipiga piano, alitunga muziki na kuandika tamthilia. Dada yao Swarnakumari aliandika riwaya. Michezo ya kuigiza ilifanywa nyumbani humo na wanafamilia wenyewe.

Baba alikuwa safarini mara nyingi, na mtoto huyo wa mwisho alilelewa zaidi na watumishi. Mmoja wao alikuwa na tabia ya kumchorea duara la chaki sakafuni na kumwonya asivuke. Mtoto alikaa dirishani kwa saa nyingi akitazama bwawa la jirani, mti mkubwa uliosimama kando yake, na watu waliokuja kuoga. Kumbukumbu ya mtoto aliyefungiwa ndani huku dunia ikipita nje inaonekana baadaye katika maandishi yake mengi.

Shule alizozikimbia

Tagore alipelekwa katika shule nne mfululizo: Oriental Seminary, Normal School, Bengal Academy na St. Xavier's. Hakudumu katika yoyote kati yake. Katika shule ya kwanza aliona mtoto aliyeshindwa kujibu swali akisimamishwa juu ya benchi na kunyoosha mikono, kisha vibao vya kuandikia vikirundikwa juu ya viganja vyake. Katika shule ya pili watoto walianza siku kwa kuimba pamoja wimbo wa Kiingereza. Hakuna aliyejua maana yake, na kwa kurudiarudia maneno yalipindika hata hayakuwa tena ya lugha yoyote. Walimu walikusudia kuwachangamsha watoto kwa muziki, lakini wimbo wenyewe ulikuwa umegeuka kuwa kitu kingine cha kukariri.

Alipofikisha umri wa miaka 14 hivi familia ilikata tamaa ya kumrudisha darasani. Elimu yake ikabaki nyumbani, chini ya usimamizi wa kaka yake Hemendranath, aliyeshikilia kwamba mtoto afundishwe kwanza kwa lugha ya mama, yaani Kibengali. Ratiba ilikuwa ngumu: mieleka alfajiri, kisha hesabu, historia na jiografia, baadaye uchoraji, mazoezi ya viungo, muziki na Kiingereza. Somo lililomkaa zaidi ni lile la sayansi. Mwalimu alipasha moto maji yenye unga wa mbao ndani ya chombo cha kioo, na watoto wakaona kwa macho yao jinsi maji ya chini yanavyopanda na ya juu yanavyoshuka.

Mwaka 1873, baada ya sherehe ya jando la Kihindu ya kuvishwa uzi mtakatifu, baba yake alimchukua katika safari ya miezi kadhaa. Walikaa kwanza Santiniketan, mahali pakavu pa wazi karibu na mji wa Bolpur, kilomita 160 hivi kutoka Kolkata. Debendranath alikuwa amepata ardhi huko miaka 10 kabla ili pawe mahali pa tafakuri, na jina lake lina maana ya makao ya amani. Kwa mara ya kwanza mtoto aliruhusiwa kutembea peke yake popote alipotaka. Kutoka hapo walikwenda Amritsar na milima ya Himalaya, ambako baba alimfundisha Kisanskrit na Kiingereza, na usiku akamwonyesha nyota angani.

Ujana, ndoa na maisha ya mashambani

Mwaka 1878 alipelekwa Uingereza. Alisoma Brighton, kisha University College mjini London, lakini mwaka 1880 alirudi nyumbani bila shahada. Alichokuja nacho ni tuni za Kiayalandi na Kiskoti. Baadhi yake alizitumia katika Valmiki Pratibha, tamthilia ya nyimbo iliyoonyeshwa Jorasanko mwaka 1881, ambamo yeye mwenyewe aliigiza mhusika mkuu.

Tarehe 9 Desemba 1883 alimwoa Mrinalini Devi. Walipata watoto watano: Madhurilata, Rathindranath, Renuka, Mira na Shamindranath.

Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1890 alisimamia mashamba ya ukoo huko Shelaidaha na maeneo ya jirani, ambayo sasa yamo Bangladesh. Aliishi mara nyingi ndani ya mashua katika mto Padma. Huko alikutana na wakulima waliodaiwa kodi na ukoo wake mwenyewe, na pia Wabauli, waimbaji wa kuzunguka wanaotumia nyimbo nyepesi kueleza mambo mazito ya roho. Nyimbo zao ziliathiri sana utunzi wake.

Mwaka 1892 alichapisha insha iitwayo Shikshar Herpher. Alidai kwamba shule za kikoloni zilimjaza mtoto wa Kibengali maneno ya Kiingereza kabla hajapata mawazo ya kuyabeba maneno hayo, na kwamba mtoto anayesoma bila furaha hukua kwa umri tu, huku akili yake ikidumaa. Wakati huo watoto wake mwenyewe walikuwa wakifundishwa nyumbani. Swali la wapi wasome lilimgeuza kutoka mkosoaji wa shule kuwa mwenye shule.

Kuanzishwa kwa shule

Tarehe 22 Desemba 1901 Tagore alifungua shule ya bweni Santiniketan, kwenye ardhi ya baba yake. Ilianza na wanafunzi watano, mmoja wao akiwa mwanawe Rathindranath. Mfano aliouiga ulikuwa ule wa zamani wa Kihindi, ambapo wanafunzi huishi na mwalimu wao msituni. Maisha yalikuwa ya kawaida kabisa: chakula chepesi, miguu mitupu na kazi za usafi kwa wote.

Mwanzoni wanafunzi hawakutozwa ada, na fedha zilikwisha upesi. Tagore aliuza nyumba yake ya pwani huko Puri. Mrinalini aliuza vito vyake vya dhahabu na kuwapikia wanafunzi kwa mikono yake.

Masomo yalifanyika nje. Kila mwanafunzi alibeba mkeka wake mdogo, na darasa lilikaa chini ya mti likihama kadiri kivuli kilivyohama. Siku ilianza alfajiri kwa nyimbo, ikafuata kuoga na muda wa ukimya. Jioni ilikuwa ya hadithi, mashairi na mazoezi ya maigizo. Viboko vilikatazwa. Wanafunzi walichagua viongozi wao, na makosa yalisikilizwa na baraza la wanafunzi wenyewe. Waliandika pia magazeti yao kwa mkono, wakiyapamba kwa picha.

Walimu hawakuwa wengi, lakini Tagore alijua kuwachagua. Jagadananda Roy alifundisha sayansi, na alikuwa hodari wa kuieleza kwa lugha rahisi. Haricharan Bandyopadhyay alifundisha Kisanskrit huku akitunga kamusi kubwa ya Kibengali, kazi iliyomchukua miongo kadhaa. Kshitimohan Sen, aliyefika mwaka 1908, alikusanya nyimbo za watakatifu wa vijijini. Baadaye walifika Waingereza W. W. Pearson na C. F. Andrews. Andrews alifika pia Afrika Mashariki kushughulikia haki za Wahindi walioishi huko.

Misiba

Shule haikuwa na mwaka mmoja Mrinalini alipofariki, Novemba 1902. Mwaka 1903 binti yao Renuka alikufa kwa kifua kikuu. Mwanzoni mwa 1904 mwalimu kijana Satish Chandra Roy, ambaye Tagore alimtegemea sana, alikufa kwa ndui palepale Santiniketan, na wanafunzi ikabidi wahamishiwe Shelaidaha kwa muda. Mwaka 1905 Debendranath naye alifariki.

Pigo lingine lilikuja mwaka 1907. Mwanzoni mwa mwaka huo mwanawe wa mwisho, Shamindranath, aliwakusanya wenzake kusherehekea kuingia kwa majira mapya kwa nyimbo na mashairi, huku watoto wakijipamba kuwakilisha majira mbalimbali. Novemba mwaka huohuo alikufa kwa kipindupindu akiwa na umri wa miaka 10. Baba aliiendeleza sherehe ile. Mwaka 1908 aliandika Sharadotsav, mchezo kuhusu likizo ya watoto mvua zinapokwisha, na wanafunzi wakauonyesha shuleni. Tangu hapo sherehe za majira zikawa uti wa mgongo wa mwaka wa shule.

Sanaa katika mafunzo

Katika shule nyingi za wakati ule, muziki na uchoraji vilikuwa mapambo ya siku ya wazazi. Tagore aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa mwili wake wote: anapoimba, anapotembea, anapogusa udongo na anapojifanya mtu mwingine. Kwa hiyo alipanga sanaa ifanye kazi ndani ya masomo mengine.

Nyimbo. Tagore alitunga nyimbo zaidi ya 2,000, na nyingi zilitungwa kwa ajili ya wanafunzi wake. Mpwa wake wa kizazi cha pili, Dinendranath Tagore, alizishika papo hapo, akaziandika kwa alama za muziki na kuzifundisha. Kila majira yalikuwa na nyimbo zake, na mtoto aliyezijua alijua pia majina ya maua, upepo na ndege wa majira hayo. Ibada ya kupanda miti, iliyoanza mwaka 1928, ilifanywa kwa maandamano ya nyimbo na ngoma, na mche ukibebwa kwa heshima kama mgeni. Somo la mimea lilianza hapo.

Michezo ya kuigiza. Karibu kila mwaka Tagore aliandika mchezo ambao wanafunzi na walimu waliigiza pamoja, naye mara nyingi akiwa mmoja wa waigizaji. Sehemu ziligawanywa ili hata watoto wadogo wapate nafasi ya kuimba au kucheza. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi, na yeyote aliruhusiwa kutazama, kiasi kwamba shule nzima iliujua mchezo kwa moyo kabla ya siku ya maonyesho. Katika Phalguni aliigiza kipofu mwimbaji, na mwaka 1916 mchezo huo ulionyeshwa Kolkata ili kuchangia watu wa wilaya ya Bankura walioteswa na njaa. Hivyo kazi ya jukwaani ikawa pia somo la kuwajali wengine.

Baadhi ya michezo hiyo ilihusu elimu yenyewe. Achalayatan inaonyesha shule iliyozungukwa na kuta na kanuni zisizoulizwa sababu, mpaka kuta zinabomolewa. Dakghar, yaani Posta, iliyotolewa mwaka 1912, ni habari ya Amal, mtoto mgonjwa aliyekatazwa na tabibu kutoka nje. Anakaa dirishani akizungumza na muuza maziwa ya mgando, mlinzi na msichana wa maua, huku akingoja barua kutoka kwa mfalme. Mwaka 1918 Tagore aliandika pia hadithi fupi ya kejeli kuhusu kasuku. Mfalme anaamuru ndege huyo aelimishwe. Wanajengewa utajiri watengeneza kizimba cha dhahabu na wanakili wa vitabu, na ndege anashindiliwa karatasi mdomoni mpaka anakufa bila mtu kuona.

Uchoraji na kazi za mikono. Mwaka 1919 ilianzishwa Kala Bhavana, nyumba ya sanaa, na mchoraji Nandalal Bose akawa kiongozi wake. Bose hakuwataka wanafunzi waanze kwa kunakili sanamu za plasta za Ulaya. Aliwapeleka nje wachore miti, ng'ombe na watu wa vijiji vya Wasantali vilivyozunguka shule. Kuta za majengo zikawa madaftari: walimu na wanafunzi walizichora pamoja. Nyumba moja ya udongo iliyopakwa lami, iitwayo Kalo Bari, ilijengwa miaka ya 1930 na kuta zake kupambwa na wanafunzi kwa michongo. Benode Behari Mukherjee na Ramkinkar Baij, waliofika kama wanafunzi, wakawa wasanii wakubwa na walimu wa hapohapo. Sanamu ya Baij ya familia ya Kisantali ikiwa safarini, aliyoifinyanga kwa saruji na kokoto mwaka 1938, bado imesimama uwanjani.

Ushirikiano wa mshairi na mchoraji ulifika pia kwa watoto wanaoanza kusoma. Mwaka 1930 kilitoka Sahaj Path, kitabu cha Tagore cha kufundishia kusoma Kibengali, chenye picha za Nandalal Bose. Herufi zinafundishwa kwa beti fupi zenye vina na picha za maisha ya kijijini. Watoto wengi wa Bengal wameanza kusoma kwa kitabu hicho hadi leo.

Ngoma. Mwaka 1919 Tagore aliona ngoma ya Kimanipuri alipozuru Sylhet, na baadaye akaleta mwalimu wa ngoma hiyo Santiniketan. Hatua hii ilikuwa ya hatari. Katika jamii ya Wabengali wa tabaka la kati, kucheza ngoma hadharani kulihesabiwa kuwa aibu kwa msichana wa nyumba ya heshima. Mwaka 1926 wanafunzi wa kike walionyesha Natir Puja, ambamo mhusika mkuu, aliyeigizwa na Gauri, binti wa Nandalal Bose, humwabudu Buddha kwa kucheza. Mchezo ulipopelekwa Kolkata, Tagore alijiongezea mwenyewe nafasi ya mtawa jukwaani, na kuwapo kwake kukasaidia kuwakinga wasichana dhidi ya maneno ya watu. Kutokana na kazi hiyo zilizaliwa tamthilia zake za ngoma: Chitrangada (1936), Chandalika (1938) na Shyama (1939).

Tuzo ya Nobel na siasa

Mwaka 1912 Tagore alichapisha London tafsiri ya Kiingereza ya mashairi yake, Gitanjali. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel. Fedha za tuzo aliziweka katika benki ya wakulima aliyoianzisha Patisar, ili wakulima wakopeshwe na faida isaidie shule. Alisafiri pia mara kadhaa kutoa mihadhara, hasa Marekani, na sehemu kubwa ya mapato yake ilikwenda Santiniketan.

Serikali ya kikoloni haikuipenda shule hiyo. Muda si mrefu kabla ya tuzo, serikali ya Bengal Mashariki na Assam ilikuwa imetoa waraka wa kuwaonya watumishi wake wasipeleke watoto huko. Baadhi ya wazazi waliwaondoa watoto wao. Mwaka 1915 Mfalme wa Uingereza alimpa Tagore cheo cha Sir, lakini alikirudisha mwaka 1919 baada ya askari kuwaua mamia ya watu wasio na silaha katika bustani ya Jallianwala Bagh, mjini Amritsar.

Mahatma Gandhi aliporudi kutoka Afrika Kusini, wanafunzi wake walikuwa wamepokewa Santiniketan, naye alifika huko mwaka 1915. Aliwashawishi wanafunzi na walimu wapike na kusafisha wenyewe bila watumishi. Viongozi hao wawili waliheshimiana maisha yao yote, ingawa walitofautiana. Gandhi alitaka shule ijengwe juu ya kusokota uzi na kazi ya mikono inayoleta kipato. Tagore aliogopa kwamba kazi moja inayorudiwa kila siku ingemchosha mtoto kama vile vitabu vilivyomchosha.

Visva-Bharati na Sriniketan

Tarehe 23 Desemba 1921 Tagore alizindua rasmi chuo cha Visva-Bharati, kilichokusudiwa kuwa mahali pa kukutana kwa tamaduni za dunia. Mwaka 1922, pamoja na Mwingereza Leonard Elmhirst aliyesomea kilimo, alianzisha Sriniketan, kituo cha maendeleo ya vijiji karibu na Santiniketan. Kazi zake zilihusu kilimo, vita dhidi ya malaria, ushirika, ufumaji, ufinyanzi na kazi za ngozi.

Mwaka 1924 ilifuata Shiksha Satra, shule ya watoto maskini wa vijijini. Humo kazi za mikono, bustani, muziki na maigizo vilikuwa njia kuu ya kufundisha, na hesabu zilitokana na vipimo vya bustani na bei za mazao.

Mitihani na ukosoaji

Shiksha Satra ilitokana kwa sehemu na masikitiko ya Tagore mwenyewe. Wazazi wa tabaka la kati walifurahia nyimbo na sherehe za Santiniketan, lakini walitaka watoto wao wafaulu mtihani wa kujiunga na Chuo Kikuu cha Kolkata, kwa sababu bila cheti hapakuwa na ajira. Wanafunzi wa madarasa ya juu walilazimika kusoma kwa mtaala uleule ambao Tagore aliukimbia utotoni. Aliona shule yake ikianza kufanana na nyingine. Watoto wa vijijini, ambao hakuna aliyewatarajia kufanya mtihani huo, wangeweza kufundishwa kwa uhuru zaidi.

Wakosoaji walikuwa na hoja nyingine pia. Miaka ya mwanzo shule ilifuata desturi za matabaka ya Kihindu wakati wa chakula, na desturi hizo ziliachwa baadaye. Wengine walisema shule ilitegemea mno kipaji cha mtu mmoja, na kwamba shule ya kawaida haiwezi kumpata mshairi wa kuiandikia michezo kila msimu. Swali hilo la pili lilibaki bila jibu rahisi, ingawa Tagore alijaribu kulijibu kwa kuandaa walimu na wasanii ambao wangebaki baada yake.

Miaka ya mwisho

Alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya 60, Tagore alianza kuchora kwa bidii. Alianza kwa kuunganisha mistari aliyoifuta katika miswada yake mpaka ikawa maumbo ya wanyama na sura za watu. Mwaka 1930 picha zake zilionyeshwa Paris, na alipofariki aliacha zaidi ya 2,000.

Shida ya fedha haikwisha. Akiwa na zaidi ya miaka 70 bado alizunguka miji ya Uhindi na kundi la wanafunzi wakionyesha tamthilia za ngoma ili kuchangisha fedha. Mwaka 1936 Gandhi alimkuta Delhi katika hali hiyo, akasikitika, na akampatia rupia 60,000 kutoka kwa wafadhili ili mzee apumzike. Gandhi alipomtembelea Santiniketan Februari 1940, Tagore alimkabidhi barua ya kumwomba ailinde Visva-Bharati baada yake.

Mwaka 1937 alitoa Visva Parichay, kitabu cha kueleza sayansi ya ulimwengu kwa Kibengali chepesi, kuanzia chembe ndogo hadi nyota. Alifariki tarehe 7 Agosti 1941 katika jumba lilelile la Jorasanko alimozaliwa, akiwa na umri wa miaka 80.

Urithi

Nyimbo mbili za Tagore ni nyimbo za taifa: Jana Gana Mana ya Uhindi na Amar Sonar Bangla ya Bangladesh.

Miongoni mwa waliosoma Santiniketan ni Indira Gandhi, aliyekuwa baadaye Waziri Mkuu wa Uhindi. Satyajit Ray, mwongozaji wa filamu aliyesomea uchoraji Kala Bhavana. Na Amartya Sen, mjukuu wa mwalimu Kshitimohan Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 1998. Sen alipewa jina lake na Tagore.

Nje ya Uhindi, Leonard Elmhirst na mkewe Dorothy walianzisha shule ya Dartington Hall huko Devon, Uingereza, wakifuata mengi waliyojifunza kwa Tagore. Mwaka 1927 Tagore alizuru shule ya Taman Siswa mjini Yogyakarta, Indonesia, iliyoanzishwa na Ki Hajar Dewantara.

Onyesho lililokumbukwa kuliko yote lilifanyika Poland baada ya kifo chake. Julai 1942 daktari na mlezi Janusz Korczak, aliyekuwa na nyumba ya yatima ndani ya geto la Wayahudi mjini Warsaw, aliwaruhusu watoto wake kuigiza Dakghar. Alitaka wajifunze kukikabili kifo bila hofu. Wiki chache baadaye, Agosti, Korczak na watoto wapatao 200 walipelekwa katika kambi ya mauaji ya Treblinka.

Mwaka 1951 Visva-Bharati ilifanywa Chuo Kikuu cha kitaifa cha Uhindi, na mwaka 2023 Santiniketan iliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia. Shule ya watoto, iitwayo sasa Patha Bhavana, ingali ikifanya masomo yake mengi chini ya miti, na sherehe za majira bado zimo katika kalenda yake.